Gari Lililojipima Moshi

Evodius aliendesha magari ya dizeli tangu ujana wake, kwanza malori ya miwa kule Kidatu, kisha Land Rover za mradi wa mbu wa Ifakara, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na gari lenye maoni yake. Hili jipya lilikuwa nayo. Lilikuja mwaka 1999 kutoka kwa wafadhili, jeupe, na kwenye dashibodi lilikuwa na taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini. Asubuhi moja ya kiangazi, walipoipita Kiberege wakirudi Ifakara, taa ile iliwaka na gari likanywea. Evodius alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likaendelea kutambaa kwa mwendo wa mtu aliyejitwisha ndoo ya maji.

"Lina nini hili?"

Klementina, afisa wa mradi aliyekaa kando yake, alikuwa amehudhuria semina ya gari hilo Dar es Salaam. "Lina kompyuta, mzee Evodius. Linajipima moshi lenyewe. Likihisi linachafua hewa, linajipunguzia nguvu."

"Linajishtaki na kujifunga lenyewe?"

"Ndiyo. Na tumeambiwa taa ikiwaka tusizime injini mpaka tufike gereji yenye mashine ya kulisoma."

"Iko wapi?"

"Dar es Salaam."

Lori la mpunga likawapita kwa kishindo, likitema moshi mweusi tititi mpaka barabara ikapotea. Evodius alitazama kwenye kioo: nyuma ya gari lake hapakuwa na moshi hata wa sigara.

"Na lile je?"

"Lile halina kompyuta."

"Lina bahati."

Klementina akawasha taa za tahadhari ili malori yasije yakawagonga kwa nyuma. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Juu ya keria walikuwa wamefunga kasha refu la mbao lenye mitego ya mbu ya kupeleka Namawala, na kwa sababu ya vumbi walikuwa wamelifunika shuka jeupe. Mzee mmoja aliyekuja mbele yao na baiskeli alilitazama kasha, akatazama taa zinazomwekamweka na ule mwendo, akashuka na kuvua kofia. Walipompita, akageuza baiskeli, akafuata.

Kinamama waliokuwa shambani wakaacha majembe, wakafuata. Mbele kidogo wakaingia wanaume waliokuwa wanachoma matofali. Evodius akatoa kichwa dirishani.

"Jamani, hakuna msiba! Ni mambo ya mbu tu!"

"Malaria tena!" mama mmoja akasema, akajishika kichwa. "Jikaze, baba. Mwanzoni kila mtu anakataa."

"Ongeza mwendo tuwaache," Klementina akanong'ona.

Evodius akaionyesha ile taa kwa kidole. "Mwombe huyu."

Kila kijiji kiliwasindikiza mpaka mpakani kwake, na kingine kikapokea. Katekista mmoja aitwaye Alfonsi akajiunga pamoja na kwaya yake nzima, wakaanza kuimba. Hakuna aliyeuliza nani amefariki, maana kila mmoja aliona aibu kuwa ni yeye peke yake asiyejua.

"Alikuwa mtu wa watu," sauti ikasema nyuma ya gari.

"Na mkarimu," mwingine akaitikia.

Habari zilitangulia na basi. Zilipoondoka njiani zilisema gari la Evodius linaleta maiti. Zilipomfikia Marsiana, mke wake, mjini Ifakara, zilisema gari linaleta maiti ya Evodius. Majirani wakatandika mikeka na kuinjika sufuria kubwa jikoni. Marsiana akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbio huku akilia, akalikuta gari linakaribia nyumba yao, akamkuta marehemu ameshika usukani.

"Wewe!"

"Mimi."

Akamchapa kofi, kisha akamkumbatia shingoni kupitia dirishani, akamkaba kweli. Mguu wa Evodius ukateleza kwenye klachi. Gari likaruka mara moja, likazima.

"Limezima!" Klementina akalia, na watu wakadhani naye amezidiwa na uchungu, wakamshika mikono.

Wanaume wakashusha kasha, wakalipeleka mpaka kwenye mikeka, wakalifunua. Vyandarua, nyaya, na vitaa vidogo. Kisha manung'uniko yakaanza.

"Tumetembea njia yote hii kulilia mbu?"

Evodius alipanda juu ya bampa ili aombe radhi. Lakini mdomo ulipofunguka, maneno mengine yakatoka.

"Mama yangu aliitwa Bibiana," alisema. "Alifariki wakati wa mvua za El Nino. Mto ulifurika, mimi nikiwa ng'ambo. Nilipovuka walikuwa wameshamzika. Sikumsindikiza hata hatua moja."

Hakujua kwa nini alisema. Marsiana alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kumsikia akilisema jambo hilo kwa sauti.

Mzee wa baiskeli akasogea. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali. Alikuwa mkali sana. Ila hakuwahi kumnyima mtu chakula."

"Si tulisema?" mama mmoja akawageukia wenzake. "Mkarimu!"

Alfonsi akafunga vifungo vya shati. "Basi tuendelee," akasema.

Wakasali. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuondoa kasha, sala ya mama Bibiana ilisaliwa mbele ya mitego ya mbu, kwaya ikiwa imeizunguka. Evodius alilia mpaka mabega yakatikisika. Baadaye watu walinawa, wakala wali na samaki, na mzee wa baiskeli akaongezewa sahani bila kuomba.

Jua likielekea kuzama, Evodius aliwasha gari alirudishe mradini. Taa haikuwaka. Akakanyaga mafuta kidogo tu, gari likachomoka, Klementina akajigonga kisogo kwenye kiti.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Limejisamehe," alisema Evodius.

Wiki iliyofuata alipita tena Kiberege, safari hii kwa kasi. Wanaume kando ya barabara walimpungia asimame, akasimama.

"Pole na msiba, ndugu yetu," wakamwambia.

"Asanteni," akajibu. "Tumeshapoa."