Kura za Bi Mize

Mize alimwomba Mungu mumewe ashindwe. Haya, nimeshasema, na mwenye kutaka kumlaani amlaani. Lakini kwanza aje akae Ladywood, huko Birmingham, Uingereza, ghorofa ya kumi na moja, peke yake na mama aliyepooza mwili mpaka ulimi.

Hafidh alirudi Unguja kugombea uwakilishi wa jimbo la Kijundu, kwao. Akishindwa, angepanda ndege Ijumaa, arudi Birmingham kwenye teksi yake. Akishinda, ndiyo imetoka: miaka mitano Barazani. Na Mize hawezi kumfuata, maana mama yake hasafirishiki. Mwanamume na ukubwa, jamani!

Katikati ya kampeni Hafidh akapiga simu. Wanawake wa Kijundu wananong'ona: mgombea gani huyu, mkewe haonekani? Pengine kamtelekeza. "Nirekodie maneno mawili tu, mke wangu, waisikie sauti yako."

Angeweza kukataa. Lakini mawifi wangesemaje? Na Mize alikuwa msomaji wa maulidi tangu usichana wake. Mwombe sauti, hakunyimi. Akajifungia chooni mama asimsikie.

"Mama zangu," akasema, "hapana mwanamke anayemtoa mumewe kwa mchezo. Mimi nakukabidhini Hafidh. Mchukueni, ni wenu." Hapo kilio kikamshinda, akalia kweli, kwa upweke wake. Kijundu wakaona anawalilia wao. Wakaipiga ile sauti kwenye spika za magari, mtaa kwa mtaa, mpaka watoto wakaihifadhi.

Matokeo yalimkuta asubuhi akimlisha mama uji. Hafidh kashinda, tena kwa kura nyingi. Uji haujafika nusu, shoga yake Rehana na wenziwe wa mtaa wa Nechells wakabisha hodi na halua.

"Mke wa mheshimiwa!"

Wakapiga vigelegele, naye akapiga, tena vyake vikawa virefu kuliko vyao. Angefanyaje? Kisha wakaondoka mbio, kila mtu na kazi yake.

Simu ya Hafidh ikaja, nyuma yake ngoma tupu. "Mize! Kura hizi zako! Kila mwanamke ananambia, tumempa kwa ajili ya mkewe."

"Hongera, mume wangu. Na safari ya Ijumaa?"

"Safari gani tena? Si umenikabidhi mwenyewe?" Akacheka. Alikuwa akitania, maskini, hakujua alipomgusa.

Alipokata simu, Mize akaona Rehana kamtumia ile sauti, na maua chungu nzima. Akaibonyeza. Chumba kikajaa sauti yake: mchukueni, ni wenu, kisha kile kilio.

Mama hakuwahi kuisikia. Akageuza macho taratibu, akamtazama bintiye, chozi likamtoka. Katika wote walioisikia sauti ile, ni yeye tu aliyejua Mize alikuwa akilia nini.

Mize akamfuta kwa ncha ya kanga, akaenda kupasha uji.