Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi cherehani yule alikuwa hodari. Kazi yake haikuwahi kurudishwa. Lakini koti la mwalimu mkuu lilirudi siku ileile alipokuja kulichukua. Alilivaa palepale mbele ya kioo, akahangaika, akasimama mkono mmoja ukiwa umepinda. Mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kushoto.

"Fundi," mwalimu mkuu aliuliza taratibu, "umeniona nina kasoro gani?"

Siku nyingine fundi angecheka mpaka machozi. Siku hiyo yalikuja machozi tu. Mwalimu mkuu akalikunja koti, akaliweka mezani, akasema hana haraka nalo.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu fundi amzike mama yake, baada ya kumuuguza miaka minne. Watu walimwona amejikaza kisabuni, wakamsifu. Hawakujua kwamba chakula chake kilikuwa chai, tena akiinywa amesimama, wala kwamba usingizi ulimpiga chenga kila siku. Dirisha la chumba cha kazi lilishonewa pazia nene. Ukimuuliza hali, alikujibu, "Nzuri tu."

Umbea hauna miguu lakini hufika. Alasiri ileile wifi yake, muuguzi, aliingia bila hodi.

"Wifi, unaumwa."

"Siumwi popote."

"Ndio ugonjwa wenyewe huo." Akavuta kiti. "Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunatembea mpaka darajani. Mchana unakula umeketi, simu umezima. Mambo yasipotulia, nakupeleka kwa mshauri pale kazini kwetu. Hata mimi alinisaidia, mimba yangu ilipotoka."

Fundi aliduwaa. "Hukuniambia!"

"Nilikuwa nasema 'nzuri tu', kama wewe."

Siku za mwanzo fundi alitembea kama anayepelekwa mahakamani. Wifi alizungumza kwa niaba ya wote wawili: mara mkuu wake wa zamu, mara kuku wa jirani wasio na adabu. Siku ya tano, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, fundi alisimama ghafla.

"Siku aliyofariki, nilishukuru. Nilikuwa nimechoka, wifi. Nilishukuru, halafu nikajichukia."

"Hilo ndilo umelibeba miezi yote hii?"

"Ndiyo."

"Ungeniita nikushikie upande mmoja." Wifi alimshika kiwiko. "Miaka minne ulimwogesha, ukamlisha. Ulikuwa na haki ya kuchoka. Na mama alijua unampenda, hilo nimelisikia kwa masikio yangu."

Walisimama pale muda mrefu, mpaka wapakiaji wa mabati wakawazunguka wakinung'unika.

Haikuwa dawa ya siku moja. Asubuhi nyingine aliamka kifua kizito, akafunga kamba za viatu hivyohivyo. Kwa mshauri alikwenda mara tatu. Pazia liliondoka. Mchana alikula na kinyozi wa mlango wa pili, mtu wa porojo zisizo na kichwa wala miguu, na mwalimu mkuu akapata mkono wake wa kulia. Usingizi ulirudi kidogokidogo, kama paka aliyewahi kufukuzwa.

Asubuhi moja walifika darajani jua limeshapanda. Fundi baiskeli, ambaye walizoea kumsalimia kwa mkono tu, aliwapigia kelele akiwa ameshika pampu.

"Leo vipi? Nimetazama barabara mpaka macho yameuma!"

"Nililala," fundi cherehani alimjibu. "Nililala fofofo, bwana, wifi amegonga mlango mpaka mkono umemuuma!"