Mizizi Minne Niliyoikana kwa Saini Yangu

Wazazi wenzangu, mkiitwa shule msishike kalamu kabla hamjamsikiliza mtoto. Mimi niliishika, na hadi leo moyo unanichemka.

Mimi ni dobi, nafua mashuka ya hospitali. Siku hiyo niliomba ruhusa ya saa moja, nikaingia ofisi ya walimu viganja vimenyauka kwa sabuni. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi humwita Kifutio, akanisogezea karatasi ya kitinda mimba wangu. Swali: mlinganyo x⁴ = 16 una mizizi mingapi? Binti kaandika minne. Kifutio kapiga mkasi mwekundu wa kukosa, kalamu karibu ichane karatasi.

"Ni miwili tu, mama. Mbili na hasi mbili. Huyu kanibishia mbele ya darasa zima! Saini hapa kwamba amekosea, yaishe. La sivyo, jina lake nalitoa kwenye mashindano ya hesabu."

Binti akanivuta mkono. "Mama, subiri. Kipeo ni cha nne, kwa hiyo mizizi ni minne. Miwili ni namba changamano."

"Changamano ndiyo nini?" nikamkatiza. "Funga mdomo, unanitia aibu!"

Nikasaini, nikakimbilia mashuka yangu.

Jioni binti akaniandikia nyuma ya kalenda. "Kuna namba inaitwa i. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja. Sasa 2i mara 2i?"

"Hasi nne."

"Hasi nne mara hasi nne?"

Nikatumia vidole. "Kumi na sita. Heee!"

"Na hasi 2i inafika hapo hapo. Mingapi sasa?"

Minne! Mimi niliyeishia shule ya msingi nimeiona, Kifutio mwenye cheti ukutani hakuiona?

Asubuhi nikamvaa na ile kalenda. "Mwalimu, zidisha."

"Mama naye kawa profesa!"

"Zidisha, nimesema!"

Akazidisha, akakuna kichwa. "Ni minne, najua. Lakini darasani hatujafika huko. Mimi nilitaka namba halisi tu, zisizo na hiyo i."

Alijua! Tangu mwanzo alijua!

"Hilo neno 'halisi' uliliandika wapi kwenye swali?"

Akaanza kupanga madaftari mezani.

"Basi chana ile karatasi niliyosaini."

"Iko kwa mkuu wa shule. Na jina ameshalifuta. Anasema mtoto ambaye mama yake mwenyewe amekiri kwamba hajui mizizi hawezi kutuwakilisha."

Nikaenda kwa mkuu. Wala hakuitazama kalenda. "Hii saini ni yako, si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi, mama."

Siku ya mashindano wenzake walipanda gari la shule. Yeye alikuja kazini kwangu, tukakunja mashuka, yeye ncha hizi, mimi ncha zile. Nikamwomba radhi.

"Ulikuwa na haraka, mama," akasema, macho yako kwenye shuka. Afadhali angenifokea.