Kona ya Tatu Juu ya Mwatate

Gari lilikata pumzi kwenye kona ya tatu juu ya Mwatate, lori la mbao likitupigia honi nyuma, na Nzau akiwa kiti cha mbele amekunja mikono kama mtu aliyekuja kushuhudia jambo alilolijua tangu mwanzo. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikaniitikia kwa kuchelewa kama mtoto aliyetumwa maji na hataki kwenda.

"Mama Hillary," Nzau akasema, "kwa mwendo huu hata mbuzi wangu wangetutangulia Wundanyi."

"Basi shuka uwapande."

Kutoka kiti cha nyuma, Ndila, mke wa mwanangu Hillary, akasema maneno mawili tu. "Mama, egesha."

Ndila ndiye aliyekuwa fundi. Miaka mitatu alikuwa amefanya kazi kwenye gereji ya mtu mwingine pale Voi, akipewa matairi ya kubadilisha na vyuma vya kuosha, huku wanaume waliojifunzia kazi barabarani wakifungua injini. Nzau alikuwa na vani tano za watalii, zinazoshinda kwenye vumbi jekundu la upande wa Ndara, na machujio yake ya hewa ya karatasi yalikuwa yakiziba kabla mwezi haujaisha. Ndila alimwambia kuna chujio la kitambaa, lenye bomba lake pana, linalooshwa na kurudishwa. Nzau akataka kuliona kwanza kwenye gari la mtu mwingine, wiki mbili, likipanda mlima. Likifaulu, vani zote tano zingekuwa mikononi mwa Ndila, na mwenye vani tano anaweza kujifungulia gereji yake.

Gari la mtu mwingine likawa langu. Kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa nikishusha kabichi na maziwa kutoka Werugha, na tena nilijitolea kabla sijaombwa. Wiki ya kwanza lilipanda kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nilimsifu Ndila mbele ya wanawake wenzangu kanisani, nami si mtu wa kusifu ovyo.

Sasa tulikuwa siku ya mwisho ya wiki ya pili, boneti juu, jua la saa nne likituchoma visogo.

Ndila hakuharakisha. Alizijaribu klipu za bomba moja moja, zilikuwa zimekaza. Akapitisha kiganja kwenye viungio akitafuta mahali hewa inapovuja, hakupata. Kisha akachomoa waya wa sensa inayopima hewa iingiayo, akaniambia niwashe. Injini ikatulia. Ikanguruma taratibu, kama mgonjwa aliyeshuka homa.

"Zima, Mama. Ni sensa."

Aliifungua, akaielekeza kwenye jua. Ndani yake kuna kijiwaya chembamba kuliko unywele, na kijiwaya kile kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Akalitoa chujio, akaliminya kidogo. Oili nyeusi ikamchirizika hadi kwenye kiwiko.

Nzau akacheka kwa pua. "Sasa fundi gani anafunga chujio likiwa limelowa hivyo? Dada yangu, wewe endelea na matairi."

Ndila aliniangalia mara moja, kisha akainama kutafuta kitambaa.

Diploma yangu ni ya afya ya mifugo. Miaka kumi na moja nilizunguka vijiji vya Sagalla kwa pikipiki ya ofisi, na hakuna mwanamume aliyewahi kunitengenezea. Chujio la pikipiki ile lilikuwa sponji: unaliosha kwa petroli, unalichovya kwenye oili ya injini, unalikamua, unalirudisha. Jumatano, niliporudi kutoka Sagalla gari likiwa jekundu kwa vumbi, nilifungua chujio la Ndila nikalihudumia vivyo hivyo. Sikumuuliza. Kwa nini niulize jambo ninalolijua?

Ningeweza kunyamaza. Nzau alikuwa ameshahukumu, na Ndila, kwa heshima aliyolelewa nayo, hangenitaja mbele ya mgeni. Nilimwona akisugua ule mkono kwa kitambaa, akisugua hata palipokwisha kutakata.

"Nzau," nikasema, "oili ni yangu. Alilifunga vizuri. Mimi nililichovya juzi kama la pikipiki, bila kumwambia."

"Wewe?"

"Mimi. Na makosa yangu ameyapata kando ya barabara, bila mashine, kabla hujamaliza kucheka. Wale mafundi wako wangekuwa bado wanashusha injini."

Nzau alitazama mlima, akatazama chujio. Ndila alikuwa ameshatoa kopo la dawa ya kusafishia sensa, anapuliza, anasubiri ikauke. Akarudisha boksi la hewa la zamani, alilokuwa amelibeba nyuma, na chujio lake la karatasi, kwa sababu lile la kitambaa lilihitaji kuoshwa na kuanikwa. Tulifika Wundanyi bila kukohoa, Nzau mwenyewe akiendesha.

Alishukia sokoni. Akainama dirishani, akamwambia Ndila, si mimi: "Jumatatu nakuletea vani moja. Hizo nyingine tutaona."

"Niletee ile mbovu zaidi," Ndila akasema.

Leo vani zote tano zinalala kwenye gereji ya Ndila, na nyingine ambazo si za Nzau. Lakini siku ile hatukuwa na hakika ya hata ile moja. Tulirudi tukiwa wawili, Ndila akiwa kwenye usukani.

"Mama, ulipoanza kusema pale, nilidhani utasema ni Hillary."

"Hillary hajui hata boneti inafunguliwa wapi."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Halafu akaliachia gari kwenye mteremko, akizikata kona kwa kasi kuliko ninavyopenda. Nilikaza mkanda wangu, nikamwacha aendeshe.