Difu ya Kinoti

Kinoti alipofunga matairi makubwa, lori lake liliinuka kama mtu aliyeazima viatu virefu vya harusi. Nilimcheka, lakini alikuwa na sababu: kule Mitunguu, njia za kwenda kwenye migomba zina mawe, na yalikuwa yanakwaruza gari tumbo.

Shida ya mawe ikaisha, ya mlima wa Nkubu ikaanza. Lori likijaa ndizi lilikuwa likikabwa katikati ya mlima, na kabla halijarudi nyuma, mkewe Marcella, ambaye ndiye turniboi, yaani utingo wake, alikuwa akiruka chini na gogo na kulisukuma nyuma ya gurudumu. Na Marcella alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia.

Wakaja gereji kwangu Majengo.

"Injini imechoka, Idrisi," Kinoti akasema.

"Injini ni nzima. Umeipa miguu mirefu, difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ni ileile. Sasa kila hatua ni ndefu, na hatua ndefu mlimani ni nzito."

Nilikuwa na difu mbili kuukuu. Kwenye moja, shafti inayoleta nguvu ya injini huzunguka mara tano na nusu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye nyingine, karibu mara saba.

"Ya tano na nusu itakurudisha vile ulikuwa na matairi ya zamani. Ya saba itapanda hata ukuta, lakini kwa tambarare utapitwa na kila mtu."

"Hata pikipiki?"

"Hata punda, akiwa na haraka."

"Basi nirudishe vile nilikuwa. Lilikuwa linapanda vizuri."

Marcella alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula ndizi. Akamgeukia mumewe. "Baba Kiende, lilikuwa linapanda na nani? Hata hapo zamani, siku za mvua nilikuwa naruka."

"Hukuniambia."

"Ungenisikia wapi? Wewe uko huko juu na injini."

Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza. Kinoti alitazama difu ile ya kwanza, kisha miguu ya mkewe iliyovimba.

"Fundi, funga ya punda."

Tulilijaribu na mzigo kamili. Mlimani lori lilinguruma polepole bila kusita. Likatupita lori la mahindi, dereva akatoa kichwa: "Kinoti, tukuletee chai hapo?"

Namjua Kinoti na ulimi wake, alishafungua mdomo. Kisha akaona Marcella ameegemeza kichwa mlangoni, amelala. Akampungia tu yule dereva mkono, akaendelea kupanda.