Zamu ya Mtamba wa Kang'ata

Kikundi chetu cha akina mama wa Masuguru, hapa Korogwe, tunapeana mitamba. Anayepewa mtamba anamtunza mpaka azae, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzake anayefuata. Binti yangu Upendo, aliyesomea kompyuta chuoni, ndiye aliyetutengenezea programu ya kutunza zamu hizo. Ilitufaa, hata wenzetu wa Kang'ata, kule Handeni, wakaiomba. Nao walipiga kura zao za zamu baada ya kila mmoja kuomba kwa dini yake, Wakristo na Waislamu, ili asibaki mtu na neno moyoni.

Katibu wao alikuwa Emiliana, Mzigua, mjane kama mimi. Sisi ni Wanyamwezi wa mkonge. Babu yangu aliletwa kukata katani akafia hapa. Kwa hiyo mimi na Emiliana ni watani. Akiniona huuliza mzigo wa Mwarabu niliokuwa nimebeba kichwani nimeutua wapi, nami humwambia achinje kuku, mtani wake nina njaa. Hakuna anayekasirika, ndivyo tulivyolelewa.

Wakati wa Kwaresima, ndama mmoja wa Kang'ata alikuwa tayari kuachishwa kunyonya. Aliyefuata kwa zamu alikuwa Yasinta, na kila mtu alijua. Alikwishajenga banda na kupanda mabingobingo ya malisho. Lakini siku ya kukabidhi, Emiliana alipofungua orodha kwenye simu, Yasinta alionekana mwisho kabisa, na juu yupo aliyekuwa anamfuata, Rukaya, mke wa Hashim, kaka yake Emiliana. Emiliana akasita. Akampigia Upendo mbele ya watu kumuuliza kama ndivyo. Upendo akamwambia programu haikosei, wafuate inavyosema. Ndama akaenda kwa Rukaya.

Yasinta aliponung'unika, Upendo akachunguza akiwa nyumbani. Akaona mtu wa mwisho kugusa taarifa za Yasinta ni Emiliana. Hakuuliza zaidi. Tulipokwenda Kang'ata mkutanoni, alisimama akicheka, akasema mbele ya wote, "Mama Emiliana, Wazigua kwa ng'ombe hamjambo. Mmemrusha Yasinta mpaka mkiani ili wifi akamue?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Emiliana naye akacheka, akajibu kwamba Wanyamwezi walipita kwa miguu mpaka pwani na hawakupata hata mbuzi. Kisha akaeleza kwamba yeye alibadilisha namba ya simu tu, maana Yasinta alisajili laini mpya. Hakuna aliyesikiliza maelezo. Utani ulisikilizwa.

Maneno yale tuliyaacha kule, nayo hayakulala. Yalifika kisimani, yakafika kwenye mashine ya kusaga, na huko hayakusemwa tena kwa kicheko. Wakamvua Emiliana ukatibu wakampa mwenzao Fausta. Nikasikia ameacha kuongoza rozari, anakaa benchi la nyuma, na misa ikiisha anatoka kabla ya matangazo.

Upendo alikuwa na uhakika wake. Kompyuta yake ilikuwa na nakala ya orodha ileile ya Kang'ata, akabadilisha namba ya Yasinta ili ajaribu. Yasinta hakusogea. "Unaona, mama," aliniambia, "namba haimsogezi mtu." Nami nikaamini, kwa kuwa nilimwona akijaribu.

Jumapili moja tumetoka misa, mimi nachagua mchele, Fausta akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Alikuwa amesahihisha namba ya simu ya Pendo, mama mmoja wa kikundi, na Pendo ameanguka mpaka chini. Alisema anaapa kwa Mungu hakufanya kingine, wasije wakamfanya kama Emiliana.

Upendo akaweka simu chini. Akaanza kuhangaika na kompyuta. Nilimuuliza kuna nini, naye akanieleza huku anafanya.

Kikundi chetu orodha yake iko kwenye hifadhidata ndogo, faili moja tu ndani ya kompyuta yake. Ya Kang'ata iko kwenye hifadhidata kubwa ya aina nyingine, kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mtandaoni, kwa sababu kule wanaifungua kwa simu nyingi. Yeye hakuandika programu mbili. Alitumia zana ya lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayozungumza na zote mbili, kama mkalimani: unamwambia neno moja, naye huyu anamtafsiria kwa Kizigua, yule kwa Kishambaa. Kwa hiyo aliamini kwamba kinachokwenda sawa hapa kitakwenda sawa kule pia, na hata lile jaribio la namba ya Yasinta alilifanya kwenye ile ndogo.

Safari hii akaiweka ile hifadhidata kubwa kwenye kompyuta yake, akaingiza majina, akabadilisha namba ya mtu mmoja. Jina likashuka mpaka chini. Akabadilisha ya mwingine. Likashuka.

"Sikuiambia ipange kwa zamu," alisema. "Hata zamu yenyewe sikuiandika. Ile ndogo ilikuwa inanirudishia majina kama nilivyoyaingiza, nikadhani ni kawaida ya zote. Hii kubwa usipoiambia mpangilio, inatoa inavyoona yenyewe. Ukigusa jina, inaliandika upya mahali pengine."

Mkalimani asiyeambiwa neno hatalisema. Hilo nililielewa.

Akatengeneza. Kila jina likapewa namba ya kura yake, na agizo likasema wazi majina yapangwe kwa namba hiyo. Akajaribu kwenye ndogo, akajaribu kwenye kubwa, zikatoa sawasawa. Akaipeleka Kang'ata papo hapo kwa mtandao, akanawa uso, akarudi amechangamka kidogo. Akasema imekwisha, Fausta ataona Pendo amerudi mahali pake. Tukienda tena atamtania Mama Emiliana, amwambie shetani wa kompyuta alikuwa Mzigua, watacheka, yatapita.

Niliona haya, nikauweka ungo chini. Huyu nimemlea mimi, nimempeleka komunyo mimi.

"Ulimvunjia jina kwa utani," nilimwambia. "Utamrudishia kwa utani?"

Kesho yake tukapanda gari la Handeni, na pale tukaunganisha la Kang'ata. Njia nzima alitazama nje.

Tulimkuta Emiliana anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Niliposema hodi akatukaribisha, akatutolea viti, akauliza habari za Korogwe kama mtu anavyowauliza wageni. Habari ya mzigo wa Mwarabu hakuigusa. Upendo akamwamkia, akapiga magoti, akasema kosa ni lake, programu yake ilikuwa na ubovu tangu siku ya kwanza, na namba ya simu kweli ndiyo iliyomwangusha Yasinta. Akasema pia kwamba siku ile alipopigiwa simu alijibu bila kuangalia.

Emiliana alisikiliza mpaka mwisho. Alikung'uta udongo kwenye viganja.

"Nilikuuliza, mwanangu," alisema. "Nilikupigia nikakuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Nimekusamehe, Mungu ananisikia. Lakini hukunisema tukiwa peke yetu nyuma ya mihogo."

Upendo akasema ataomba mkutano uitishwe. Emiliana akatikisa kichwa. Mkutanoni wanakuja wanakikundi, alisema, na maneno yale yalishatoka mkutanoni. Yameingia kwenye nyumba za watu wasio na mtamba wala zamu. Ayafuate kulekule, nyumba kwa nyumba, na yeye Emiliana mwenyewe atakuwepo, wamwone usoni yanaposemwa.

Akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga safi na kilemba cha kanisani. Akatangulia. Upendo akafuata, mimi nyuma yao, na macho yangu sikuyainua kutoka kwenye visigino vya Emiliana.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Yasinta. Banda lilikuwa tupu, mabingobingo yamezidi kimo cha mtu. Yasinta alitoka na mtoto mgongoni, akamwona Emiliana, akageuza uso.

Upendo akasogea mbele ya Emiliana. Halafu akaanza kusema kosa ni lake, si la Emiliana.