Jina la Kuchezea

1.
Wewe unayesoma, sogeza kiti. Mimi Leontine, mwenye baa ya pembeni mwa kanisa, hapa Ghent, mwaka 1908. Kwangu siri haijawahi kulala. Isipokuwa hii moja.

2.
TANGAZO LA KAMATI YA UTEUZI
Timu ya taifa ya Ubelgiji itapambana na Uholanzi Jumapili, mjini Antwerp. Kiungo wa kulia: Marin. Kila mchezaji aje na viatu vyake. Hakuna wa akiba.

3.
Marin hayupo.

Yupo Kamiel, mtoto wa Verdonckt muuza dawa. Ameshaichezea nchi mara kadhaa, na kila mara gazeti huandika Marin, jina la kuchezea, kwa sababu baba alishasema: "Mwanangu akionekana na kaptula mbele za watu, duka nampa binamu yake, na yeye atafute pa kulala."

Mji mzima unajua.

Baba

hajui.

4. (meza ya dirishani, kwangu)
— Huyu Marin ana mapafu, anasema mzee Verdonckt akigonga gazeti. Hachoki.
— Kumbe Bwana Verdonckt unaufuata mpira? namuuliza.
— Nasoma tu.
— Labda hata mama yake unamjua, anachokoza Fons mchinjaji.
Nikamkanyaga Fons mguu.
— Jumapili naenda Antwerp, mzee akasema. Nikamwone kwa macho yangu.

Fons akaacha bia yake nusu, akatoka kumtafuta Kamiel.

5. (Kamiel, jikoni kwangu)
"Nikijifanya mgonjwa, wenzangu wanacheza kumi. Nikicheza, sina nyumba. Shangazi Leontine, ungekuwa wewe?"

Na mimi, mwenye jibu la kila mtu, nikampanguzia viatu vyake vya mpira.

6.
Antwerp. Watu wamebanana mpaka kwenye mstari wa chaki wa uwanja. Mzee kasimama mbele kabisa, mimi nyuma yake. Kamiel anakimbia huku kampa baba yake mgongo. Muda wote mgongo. Mpira unatoka.

Unabingirika.

Unasimama kwenye viatu vya mzee.

Wa kuurusha ni kiungo wa kulia.

7.
"Mpe mpira, mzee."
"Refa, muda unakwenda."
"Ana nini huyu?"

Mzee kaukumbatia mpira kifuani. Anamtazama kijana: matope, magoti, kaptula. Halafu, kwa sauti ile ya dukani, ya kumpokea mteja mgeni:

"Jina lako nani, kijana?"

Kamiel alifuta matope usoni, taratibu, ili aonekane vizuri. Akasema, "Kamiel Verdonckt, baba." Mzee akampa mpira.